Siku ya Majani, Siku ya Mtihani

Fomu ililetwa na pikipiki siku ya Jumatatu, ndani ya bahasha ya kaki iliyoloa pembeni. Afisa wa elimu alitaka kila mwalimu mkuu aeleze, kwa kurasa zisizozidi nne, jinsi shule yake inavyoendelea na mahali inapoweza kuboreka. Fomu za aina hiyo nimezijaza nyingi, na ninajua kudanganya ndani yake. Unaandika kwamba paa linavuja, vitabu havitoshi, wazazi hawashirikiani na walimu. Unapiga muhuri, afisa anaridhika, nawe unarudi kwenye chai yako kabla haijapoa.

Safari hii sikuweza. Siku hiyo hiyo mwalimu wa gredi ya sita alikuwa ameniletea orodha ya wanafunzi tisa ambao, kwa maneno yake, wangetuangusha kwenye tathmini ya taifa. Alitaka niwaite wazazi wao, nizungumze nao kwa upole, wakubali watoto warudie gredi ya tano. Sheria haimruhusu mwalimu kumrudisha mtoto darasa, ndiyo maana upole unahitajika. Mzazi huandika barua kana kwamba ameomba mwenyewe, huweka saini, na shule hunawa mikono. Jina la saba kwenye orodha lilikuwa la msichana wa dawati la dirishani. Msichana huyo nilikuwa nikimwogopa tangu siku aliyoingia shuleni kwangu.

Mwalimu mkuu mzima kumwogopa mtoto wa miaka kumi na miwili ni kichekesho, najua. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shule yetu iko mgongoni mwa kilima upande wa Nyamira, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Nyaramba. Chini yetu ni majani chai mpaka mtoni, juu yetu ni migomba na kanisa. Mvua hunyesha saa nane mchana, na ikinyesha hakuna somo, kwa sababu mabati hupiga kelele hadi mwalimu anabaki kuandika tu ubaoni na watoto wananakili wasichokisikia. Hapa ndipo nilipofundisha maisha yangu yote ya kazi. Nilianza na darasa la saba na la nane, enzi ambazo darasa la nane ndilo lililokuwa la mwisho, kisha nikawa naibu, na sasa mkuu. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu.

Miaka hiyo ya mwanzo, lori la majani lilikuwa likipita vituo vya kupimia kwa zamu, na zamu ya kituo chetu ilikuwa Jumanne. Mtu asiye na majani chai huku ni mgeni, na sisi walimu hatukuwa wageni. Kila mmoja wetu alikuwa na shamba lake, na Jumanne asubuhi kila mmoja alitaka kusimama mwenyewe kituoni, majani yake yapimwe akiona, kwa sababu ukimpa karani wa mizani mgongo tu umeumia. Matokeo yake ni kwamba Jumanne walimu walifika shuleni saa nne, matope magotini, na watoto wakashinda wakipiga mayowe madarasani.

Mimi ndiye niliyepata dawa. Nilipendekeza mtihani wa kila wiki, na nikapendekeza uwe Jumanne asubuhi. Mtihani hauhitaji mwalimu wa kufundisha. Mwalimu mmoja anaweza kusimama mlangoni akachunga madarasa mawili, na wengine wakaenda kupima majani yao kwa amani. Mwalimu mkuu wa wakati huo alinisifu mbele ya wenzangu. Wazazi waliambiwa kwamba shule imekaza kamba, na wao wakafurahi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akiyachuma hayo majani.

Walikuwa wakiyachuma watoto. Si wote. Wale wa mama wajane, wale wa baba walevi, wale walioishi na nyanya zao. Katika darasa langu la saba alikuwapo mmoja, msichana mrefu mwenye shingo nyembamba, aliyekaa dirishani. Mama yake alikuwa mjane na alichuma katika mashamba ya watu, likiwamo langu. Mgongo ulipomshika mama, msichana alikuja badala yake.

Nakumbuka asubuhi zile vizuri kuliko ninavyotaka. Saa kumi na mbili, ukungu bado umelala juu ya mto, nami nateremka shambani na kikombe cha uji mkononi. Namkuta yuko katikati ya mistari, karatasi ya nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, sketi ya shule imekunjwa juu isilowe. Alikuwa na mikono myepesi. Alichukua majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na ile sauti ndogo ya kukatika kwa kikonyo ilikuja haraka haraka, tik, tik, tik, kama mtu anayevunja njiti. Nilisimama nikamtazama, nikaridhika na kazi. Kisha nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani:

"Fanya haraka. Usichelewe mtihani."

Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu, karibu kila Jumanne.

Alipomaliza alibeba kikapu mpaka kituoni, akanishikia foleni mpaka nifike, kisha akapanda kilima mbio. Alifika mtihani ukiwa umeanza. Aliketi dirishani, nywele zimejaa umande, na vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Huo utomvu hauondoki kwa maji wala kwa sabuni. Aliishika karatasi, na karatasi ikabaki na alama za vidole kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nikimkata alama mbili kwa uchafu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mkuu aliniambia nisafishe darasa. Hilo ndilo neno tulilotumia. Watoto waliokuwa wakifanya vibaya katika mitihani ya Jumanne wasipande darasa la nane, maana wangeushusha wastani wa shule, na wastani ndio uliosomwa kwenye mkutano wa walimu wakuu, mbele ya kila mtu, kuanzia shule ya kwanza mpaka ya mkia. Niliandika majina matano. La kwake nililiandika bila kusita.

Mama yake nilikutana naye chini ya upenu wa darasa. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza kwa Kigusii, taratibu, kama jambo hilo linaweza kukataliwa. Mama huyo hakuwa na makuu. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia imetoka juu, ofisini. Nikaongeza, wala hakuna aliyenilazimisha kuongeza, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemtetea binti yake, nikashindwa.

Mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru. Viganja vyake vilikuwa vimekauka kama gome. Nilitaka aniachie upesi.

Msichana alirudia darasa la saba kwa majuma mawili, akiwa mrefu kuliko wote, magoti hayaingii chini ya dawati. Juma la tatu hakuja. Nilisikia yuko Kisii mjini, Nyanchwa, analea mtoto wa watu. Baadaye nikasikia anauza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Tangu hapo, nikienda soko hilo, nazungukia upande wa mitumba nisipite mstari wa ndizi. Mgusii wa kuogopa ndizi! Mume wangu alinicheka miaka na miaka, na sikumweleza.

Mwaka uliofuata tulipata wastani ambao shule yetu haikuwahi kuupata. Wazazi walikata matawi na majani ya migomba, wakanibeba juu juu kutoka getini mpaka sokoni, wakiimba. Wakanivika blanketi mabegani. Nikiwa huko juu, nimeshikilia vichwa vya watu nisianguke, nilimwona yule mama mjane kwenye umati. Alikuwa anacheza. Mgongo wake mbovu ule, na alikuwa anacheza kwa ajili yangu. Blanketi hilo liko kabatini kwangu mpaka leo, na hakuna mtu aliyewahi kulala nalo.

Wastani wenyewe ulipakwa rangi kwenye ukuta wa ofisi, na bado uko pale, tarakimu nyeupe kwenye mraba wa buluu. Wageni hupiga picha.

Watu hudhani anayekuandama ni lazima awe amekufa. Mimi nimeandamwa na mtu ambaye nilijua yuko hai, na pengine yuko umbali wa nauli ya shilingi mia. Dawati la dirishani niliagiza lisikaliwe, nikasingizia kwamba panavuja. Kila Jumanne nikipita nje ya darasa lile niliisikia ile tik, tik, tik. Nilijua ni penseli za watoto, au ni matone kwenye mfereji wa bati. Nilijua, na bado nilikuwa naharakisha mwendo.

Kisha mwaka jana, katikati ya muhula, nikiwa mlangoni mwa gredi ya tano, chumba kile kile cha darasa langu la saba, akaingia mtoto mgeni amebeba barua ya uhamisho. Alikuwa mrefu, shingo nyembamba. Alitazama darasa, akaona kiti kimoja tu kilichokuwa wazi, akaenda akaketi dirishani. Nikaisoma barua: mama yake alikuwa amerudi nyumbani kutoka Kisii baada ya kumzika nyanya wa mtoto, na sasa anatunza boma na majani waliyoachiwa. Nikajua ni mjukuu wa nani. Nilirudi ofisini nikajifungia nikalia, nami si mtu wa kulia ovyo.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilikuwa na fomu mkono mmoja na orodha mkono wa pili. Nilimwambia mwalimu wa gredi ya sita nitafikiria. Ni kijana mzuri, anafika mapema, anapenda kazi yake. Pia alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa katika lile darasa la nane la wastani mkubwa, alibebwa pamoja nami siku ile, na alichojifunza kuhusu kuendesha darasa alijifunza kwangu.

"Mwalimu, hawa watatuchafulia," alisema. "Huyu wa dirishani, kila Jumanne anapata sifuri au karibu na sifuri."

"Mtihani wa wiki bado ni Jumanne?" nikamuuliza.

Alinishangaa. "Si ni wewe uliweka?"

Ni mimi niliyeuweka. Siku hizi magari ya majani huja mara nyingi na watu huuza kwa makampuni mbalimbali, lakini kituo chetu bado kina siku yake kubwa, na mtihani bado uko palepale nilipouacha. Walimu vijana wameukuta wakadhani ni sheria.

Jumanne asubuhi, badala ya kujaza fomu, nilifungua stoo. Humo mna madawati yaliyovunjika, mipira isiyo na upepo, na rejista za miaka yote, maana mimi ni mtu wa kutotupa karatasi. Nilitafuta daftari langu la alama la mwaka ule. Panya walikuwa wamelila pembe moja, lakini kurasa zilisomeka. Nilikuwa naandika safu mbili. Safu ya kwanza, kwa wino mwekundu, ilikuwa ya mtihani wa Jumanne, ndiyo iliyopelekwa kwa wazazi na kwa mkuu. Ya pili, kwa penseli, ilikuwa ya zoezi nililokuwa nawapa Ijumaa bila kumwambia mtu, ili nijue tu kama wameelewa.

Niliteremsha kidole kwenye safu nyekundu nikalikuta jina lake. Wa thelathini na nane, wa arobaini, wa thelathini na tisa. Kisha nikasogeza kidole kwenye safu ya penseli. Wa nne. Wa tatu. Wa nne. Wa sita, wiki aliyokuwa na homa. Wa nne.

Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeziandika tarakimu hizo kwa mkono huu, wiki baada ya wiki, safu mbili zimelala bega kwa bega, na sikuwahi kuzitazama pamoja. Nilikaa juu ya dawati bovu stooni mpaka kengele ya saa nne. Nje mwalimu wa gredi ya sita alikuwa anamkemea mtu aliyechelewa mtihani, na sikuhitaji kuchungulia kujua ni nani.

Jumatano alasiri, mvua ikiwa inapiga, mlango wa ofisi ukabishwa. Mwanamke aliingia, akakung'uta gunia alilojifunika kichwani, akaliweka nje ili asilowanishe sakafu yangu. Nilimtambua kwa shingo kabla hajageuza uso. Nilimsalimu kwa Kigusii. Aliitikia kwa Kiswahili, lugha ya ofisi, na akaendelea nayo mpaka mwisho. Sijui kama alitaka kunipa heshima au kuniweka mbali.

"Mwalimu, mimi ni mzazi wa ile mtoto ya gredi six," alisema. "Ameniambia iko orodha."

"Keti kwanza."

"Sitakaa sana, nimeacha majani kwa gunia. Nilisema nikuje mwenyewe, usisumbuke kunitumia mtu. Nimekuja kuweka saini." Alitoa kalamu kwenye mfuko wa sweta. Alikuwa amekuja na kalamu yake. "Arudie tu. Mimi pia nilirudia."

Mvua iliongezeka, ikabidi tungoje. Vidole alivyoshikia kalamu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga kwa miaka, ya siku nitakayokutana naye, na sikumbuki hata neno lake moja.

Mvua ilipopungua nikasema, "Hatarudia. Atafanya tathmini na wenzake."

"Lakini akianguka?"

"Mtoto wako anaanguka Jumanne peke yake. Siku ya majani. Nimetazama madaftari yake ya siku nyingine. Nimeondoa mtihani Jumanne, tumeupeleka Alhamisi mchana. Na hiyo orodha nimeirarua."

Alikunja uso kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayepiga hesabu. "Na ofisi imekubali?"

"Ofisi gani?"

"Ile ya juu. Si hii maneno hutoka juu? Ile wakati yangu, ulitutetea, wakakukatalia."

Ningeweza kunyamaza. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na mtoto alikuwa ameshaokoka, na hakuna ambaye angejua.

"Haikutoka juu," nikasema. "Ilitoka hapa. Mimi ndiye niliyeandika jina lako. Sikukutetea. Nilimdanganya mama yako." Nikafungua daftari la zamani mbele yake, nikamwonyesha safu ya penseli. "Ulikuwa wa nne."

Aliinama akasoma. Alisoma taratibu, akifuata kwa kidole, wiki moja moja, na kidole kikaacha alama nyeusi kando ya tarakimu. Alipofika mwisho wa ukurasa alirudi juu akaanza tena. Kisha akalifunga daftari yeye mwenyewe.

"Mama alikuwa anakuombea kila Sabato," alisema. "Kwa jina. Mpaka ile Sabato ya mwisho. Alisema kwa hii shule yote ni wewe ulijaribu."

Alirudisha kalamu mfukoni, akaniaga kama mzazi yeyote anavyomwaga mwalimu mkuu, akachukua gunia lake nje ya mlango. Nilimwona akishuka na njia ya kituoni, hakugeuka.

Fomu niliijaza siku hiyo. Kwenye sehemu ya mahali pa kuboresha niliandika habari za Jumanne, zote, tangu siku nilipotoa lile wazo, kwa kurasa sita badala ya nne. Mwalimu wa gredi ya sita niliyempa asome aliniuliza kama ni lazima niandike yote hayo. Ule mraba wa buluu umepakwa chokaa, ingawa jua likiwaka tarakimu bado zinaonekana chini yake.

Jumanne iliyofuata nilisimama mlangoni. Msichana alifika amechelewa, nywele zimejaa umande, akaenda dirishani. Alitoa penseli akaishika kwa vidole vile vyeusi, akangoja mtihani. Ilibidi niende nimwambie hakuna. Hakuniamini, akabaki ameishika hivyo hivyo mpaka somo lilipoanza.